Historia ya mtaa wako Unguja mjini: uanzie Kilimani, London, mtandaoni au kwa bibi?

Mambo yote haya yameanzia kwenye banda moja la Kisimamajongoo, mtaa wa Unguja mjini. Banda la babu yangu mzaa mama, miti na udongo, makuti juu na baadae bati, likavunjwa wakati zinajengwa fleti za Michenzani na leo kwetu hakuna hata mmoja anaeweza kusimama akakuonesha msingi ulikuwa wapi. Mie nilitaka kujua vitu vitatu tu, kiwanja kilikuwa cha nani, babu alifikaje pale, na mtaa wenyewe ulikuaje kabla ya fleti. Nilidhani kazi ya wiki mbili. Imenichukua miaka, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliipoteza kwa kuuliza swali sahihi mahali pasipo pake.

Sasa kila nikikaa na mtu anaetafuta nyumba ya ukoo, au mwanafunzi anaeandika kuhusu Mji Mkongwe, au kijana aliezaliwa Muscat au Leicester anaetaka kujua wazee wake walikaa mtaa gani, swali ni lile lile, nianzie wapi? Hapa nalinganisha njia nne ambazo watu hukwama baina yake: Nyaraka za Taifa pale Kilimani, nyaraka za Waingereza zilizopo Kew, London, makusanyo ya picha za zamani mtandaoni, na makaratasi ya nyumbani pamoja na wazee wenyewe.

Kila moja naipima kwa mambo haya haya. Kuna nini ndani, na nani aliviweka na kwa sababu gani, maana faili halikuandikwa kwa ajili yako wewe, lilianzishwa na mtu aliekuwa na shughuli yake, anadai kodi, anaamua kesi, anamripoti mkubwa wake. Halafu kuingia kwake na gharama. Halafu kusoma, yaani lugha, mwandiko na majina. Halafu kile ambacho hutokikuta hata ukae mwaka mzima. Mwisho anaefaidika ni nani.

Na kabla hatujaenda popote kuna jambo moja la kuweka kichwani. Mji wetu ulikuwa pande mbili na maji katikati, ule mkono wa bahari uliokuja kufukiwa, na jina la Darajani limebaki kutukumbusha. Upande wa mawe ulikuwa na konseli (ofisi za wawakilishi wa nchi za nje), mabenki, maduka, majumba ya wafalme. Upande wa pili, Ng'ambo, ndiko walikokaa watu wengi zaidi, wachukuzi, mafundi, wavuvi, watu walioachiwa utumwa na watoto wao. Karatasi za pande hizi mbili hazilingani hata kidogo, na hilo litakusumbua popote utakapokwenda.

Kilimani

Kuna nini. Kuna mengi kuliko watu wanavyofikiri, wallahi. Mafaili yamepangwa kwa herufi, AA ni ya konseli ya Kiingereza, ambayo ilifunguliwa hapa 1841 na konseli wa mwanzo Hamerton, AB ni ya Sekretarieti, yaani serikali ya wakati wa himaya ya Waingereza iliyoanza 1890, HC ni mahakama kuu. Kuna barua za Kiarabu za masultani, mambo ya wakfu, wasia, mirathi, ramani, picha, magazeti, na gazeti la serikali lililoanza kuchapwa 1892. Mkusanyo wa vitabu na maandiko ya Kiarabu wa hapa uliingizwa na UNESCO mwaka 2003 kwenye rejista ya Kumbukumbu ya Dunia, rejista ile ile ambayo nyaraka za Kijerumani zilizoko Dar ziliingizwa 1997. Yaani kitu ambacho dunia imekiandika jina unakipita na daladala.

Ila faida kubwa ya Kilimani kwa mtu wa mjini ni hii: barua alizoandikiwa konseli na watu wa hapa hapa, malalamiko ya mwenye duka, ombi la mjane, ugomvi wa ukuta baina ya nyumba mbili, hizo zilibaki hapa. London ilipelekwa ripoti tu. Kwa hiyo mambo madogo madogo, yale ambayo kwako ndio makubwa, yako huku. Na kwa ukoo uliotokana na watu walioachiwa utumwa hapa ndipo pa kupagusa kwanza, kwa sababu konseli Rigby alipowalazimisha Wahindi waliokuwa raia wa Waingereza wawaachie watumwa wao, 1860 na 1861, majina yaliandikwa, na baada ya amri ya 1897 ya kufuta utumwa mahakama nazo zikaandika zake. Nilifunga daftari moja la aina hiyo kabla sijafika mwisho kwa sababu sikuweza kuendelea siku ile. Jina, pahala alipotolewa, jina la bwana. Watu wamekaa mstari mmoja mmoja.

Kuingia. Ukiwa mtafiti kutoka nje unatakiwa kibali cha utafiti cha serikali, usije na begi ukategemea huruma, anza kushughulikia miezi kabla. Mwenyeji nenda na kitambulisho, na ukiwa chuo chukua barua ya chuo. Gharama yenyewe si kubwa, gharama ni muda. Orodha unazisoma pale pale, unaandika namba kwenye karatasi, unasubiri. Uliza kwanza taratibu za kupiga picha na simu, usianze tu kufyatua. Na wafanyakazi wa muda mrefu wa chumba kile wana katalogi nyengine kichwani ambayo haijaandikwa popote, waamkie vizuri, waeleze unatafuta nini hasa, utaokoa siku.

Kusoma. Hapa pana kazi. Kiingereza cha mkono cha karne ya 19, Kiarabu, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa wafanyabiashara wa Kihindi kuna Kigujarati. Tarehe za Hijria lazima uzigeuze. Majina ndio balaa zaidi, Muhammad mmoja utamkuta kaandikwa namna nne ndani ya faili moja, kwa hiyo andika pembeni namna zote unazoweza kufikiria kisha tafuta zote. Na kabila usiliamini kupita kiasi, mtu anaweza kuhesabiwa Mswahili kwenye sensa ya 1931 na akawa Mshirazi kwenye ya 1948 na ni yule yule, kahama neno tu.

Usichokikuta. Hati ya banda la Ng'ambo. Hili lilinitesa sana mpaka nilipoelewa mambo yalivyokuwa: banda lilikuwa lako, kiwanja kilikuwa cha mwenzio au cha wakfu, wewe unalipa kodi ya kiwanja tu. Kwa hiyo hati ina jina la mwenye kiwanja na wewe humo humo huonekani. Unaonekana ukidaiwa. Mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja, wanawake wakiwa mbele, watu wakakamatwa, umma ukaenda kuwatoa, na mwisho serikali ikabidi itoe sheria ya kuzuia kodi ile isipandishwe ovyo. Babu yangu nilimpata kwenye karatasi za kudaiwa, jina lake, jina la baba yake, na jina la mwenye kiwanja. Deni la babu ndilo lililonipa jibu la swali langu la kwanza.

Inamfaa nani. Mwenye jina la mtu au la mtaa mkononi, mwenye muda wa wiki kadhaa, na anaeweza kusoma au ana rafiki wa kumsomea Kiarabu. Kwa mwenye siku mbili za likizo itamchosha bure.

Kew, London

Kuna nini. Nyaraka za taifa za Uingereza ziko Kew, na Zanzibar imetawanyika humo kwenye mafungu kadhaa. FO 54 ni barua za wizara ya mambo ya nje kuhusu Muscat na Zanzibar, FO 84 ni biashara ya watumwa, CO 618 ni wizara ya makoloni kuanzia 1913. Halafu kuna FCO 141, yale mafaili ambayo Waingereza waliyabeba wakati wanaondoka kwenye makoloni wakayaficha miaka na miaka, yakaja kufunguliwa kuanzia 2012, na Zanzibar imo. Kama unachotafuta ni siasa, nani aliamua nini, kwa nini fedha za mpango fulani wa mji zilikataliwa, Kew inakupa mawazo ya wakubwa, wanavyobishana wao kwa wao pembeni mwa karatasi kwa kalamu. Kilimani una amri, kule una sababu ya amri.

Kuingia. Hapa niseme kweli, ukishafika ni rahisi kuliko popote nilipopita. Kadi ya msomaji ni bure, unakwenda na vitambulisho vyako, katalogi iko mtandaoni unaitafuta ukiwa kitandani kwako Jang'ombe, unaagiza, na picha unapiga kwa simu yako bila kulipa. Tatizo ni kufika. Viza, tiketi, pa kulala London, hapo unaweza kujenga chumba na sebule Fuoni. Walioko Uingereza lakini hawana kisingizio, treni inakushusha karibu, na mmoja wenu kwenye ukoo akijitolea siku tatu anaweza kupiga picha mafaili ya kuwalisha wengine mwaka mzima. Angalia tu siku za kufunguliwa kabla hujatoka.

Kusoma. Kiingereza karibu kote, na mengi ya karne ya 20 yamepigwa taipu.

Usichokikuta. Watu wa kawaida. Mtaa wenye maelfu ya roho unakuwa "wenyeji" katika sentensi moja. Ng'ambo inaingia ikiwa kuna ugonjwa, moto, mgomo au fujo. Nilisoma ya 1928 kule na nikashangaa, siku zile zile, mtaa ule ule, na hakuna jina la mtu niliemjua, kuna idadi ya waliokamatwa na wasiwasi wa balozi mkaazi wa Waingereza. Usidhani pia kwamba kila kitu cha konseli kipo London, maana Hamerton na waliomfuata walikuwa pia mawakala wa upande wa India, mwanzo wa kampuni ya Waingereza iliyotawala kule (East India Company), na nyingi za barua zao zilikwenda Bombay.

Inamfaa nani. Anaeandika kuhusu utawala, mipango miji, Mapinduzi na miaka ya kabla yake, na aliekuwa tayari huko. Kwa mtafuta ukoo naiweka ya mwisho, isipokuwa wazee wake walikuwa wakubwa serikalini.

Picha za mtandaoni

Kuna nini. Mkusanyo ninaoupenda ni wa Winterton, uko chuo kikuu cha Northwestern kule Marekani, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki baina ya 1860 na 1960, na Unguja mjini imejaa humo. Kew nao walitoa picha zao za wizara ya makoloni mtandaoni. Ongeza kadi za posta za wapiga picha wa Kigoa waliokuwa na studio zao mjini, A. C. Gomes na ndugu Coutinho, na kwa hapa nyumbani usisahau kazi ya Ranchhod Oza wa Capital Art Studio, iliyoanza 1930, maana yeye alipiga harusi, sherehe na watu wa mji, wakati mgeni alipiga milango na minazi.

Kuingia. Bure, bando lako tu. Kuchapisha kitabuni au kuuza ni jambo jengine, kila mkusanyo una masharti yake, soma.

Kusoma. Watu hudhani picha haihitaji kusomwa. Inahitaji kuliko faili! Maelezo ya chini yaliandikwa na wageni, mtaa unaitwa sivyo, mara nyingi utakuta "mtaa wa wenyeji" basi. Inabidi utumie macho. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, imejengwa 1883, kwa hiyo picha ya forodhani isiyokuwa nayo ni ya kabla. Ukiona mnara umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, hiyo ni kabla ya Agosti 1896, siku Waingereza walipopiga mizinga ule mnara uliharibika, na baadae saa ikapandishwa kwenye jumba lenyewe. Ukiona maji Darajani, bado mkono wa bahari haujafukiwa. Ukiona bati nyingi Ng'ambo badala ya makuti, umesogea mbele. Nilikaa usiku mzima na picha moja iliyopigwa kutoka juu ya jumba kuelekea Ng'ambo, mapaa ya makuti mpaka macho yanaishia, nikawa naikuza, naikuza, najua babu yumo chini ya mojawapo na sitomuona.

Na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka siku ya Disemba 25, 2020, picha hizi zimeacha kuwa mapambo. Fundi anaetaka kujua nguzo ilikaaje anazihitaji.

Usichokikuta. Jina la aliepigwa picha. Ndani ya nyumba za watu wa kawaida. Na kumbuka nani alishika kamera, wanawake wengi wa picha za karne ya 19 walipangwa wakae vile na kuvalishwa kwa ajili ya mnunuzi wa kadi, kwa hiyo usiichukue ukasema hivi ndivyo bibi zetu walivyokuwa wakivaa.

Inamfaa nani. Mwenye jengo au barabara anayoitafuta, walimu, mafundi na wachoraji wa ramani, watoto wa ughaibuni wanaotaka kuanza leo usiku. Kwa ushahidi wa umiliki au ukoo haitoshi peke yake.

Kasha la nyumbani na wazee

Kuna nini. Hati za kuuziana zilizokunjwa mara nane, talaka na ndoa za kadhi, risiti za kodi ya kiwanja, barua kutoka Mombasa, Kilwa au Moroni, pasi ya kusafiria, picha yenye mhuri wa studio nyuma. Na maneno. Swali langu la pili, babu alifikaje, hakuna nyaraka iliyonijibu. Alinijibu bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, binamu wa mama, kwa dakika tano, kwamba babu alikuja na jahazi kutoka Kilwa akafikia kwa mtu wa kwao aliekuwa mchukuzi bandarini, na banda alilipata kwa huyo huyo mtu alipofariki. Dakika tano. Mie nilikuwa nshamaliza miezi kule na huku.

Kuingia. Kwa adabu na subra. Usiende na simu imeshawashwa, nenda kwanza umsalimie, mara ya pili ndio uulize, mara ya tatu ndio urikodi kwa ruhusa yake. Usimuulize mzee mwaka. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jubilei ya sultani Seyyid Khalifa, hiyo ni 1936, au ule mgomo mkubwa wa wachukuzi wa 1948, au fujo za uchaguzi za Juni 1961, au Mapinduzi. Hapo tarehe inakuja yenyewe. Na ukifika 1964 nenda polepole mno. Kuna walioondokewa na watu na kuna waliopata nyumba, na mara nyengine wamekaa kwenye kikao kimoja cha harusi. Mzee akisema hilo tuliache, liache.

Makaratasi piga picha hapo hapo, mbele na nyuma, na mwenyewe abaki na yake. Nasema hivi kwa uchungu, mie niliwahi kupeleka hati halisi kwenye ofisi moja wakaniambia niiache waikague, na mpaka leo sijaiona tena.

Kusoma. Hati nyingi za zamani ni Kiarabu au Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mpelekee maalim wa chuoni, anasoma vizuri kuliko mashine yoyote. Mipaka imeandikwa kwa majirani, kaskazini nyumba ya fulani, kusini njia, na majirani hao ndio majina ya kwenda kutafuta Kilimani.

Usichokikuta. Uhakika wa tarehe, na mambo ambayo ukoo uliamua kuyasahau, hasa utumwa. Familia nyingi zina babu alietoka mbali bila sababu ya kutoka. Pia kasha huenda halipo tena Unguja, lilipanda meli 1964. Walioko Oman wana bahati ya kuwa na mamlaka ya nyaraka ya taifa kule tangu 2007, inayokusanya na mambo ya Waomani wa Afrika Mashariki, kwa hiyo anza na shangazi wa Muscat kisha uulize na huko.

Inamfaa nani. Kila mwenye mzee alie hai, kwa sababu faili la Kilimani litakuwepo mwakani inshallah, na bibi ana miaka themanini na kitu.

Kwa hali yako

Ukiwa na wiki moja tu Unguja na unatafuta ukoo, tumia siku nne kwa wazee na kasha, moja kwa maalim wa kukusomea, mbili Kilimani ukiwa na majina mkononi. Usigeuze mpangilio huo.

Kama ni nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, Shangani, Malindi, Kiponda huko, anza Kilimani, hasa mambo ya wakfu na mirathi, huku usiku unatafuta jengo lenyewe kwenye picha. Kesi ya umiliki ni habari nyengine, mtafute wakili, picha ya mwaka 1900 haikurejeshei nyumba.

Mwanafunzi wa mipango miji tazama mipango yenyewe kwanza, ule wa Lanchester wa 1923, wa Kendall 1958, wa Wajerumani Mashariki 1968 na wa Wachina 1982, kisha Kilimani na Kew kwa pamoja, maana moja bila nyengine utapata nusu.

Ukiwa ughaibuni huna nauli, fungua picha leo, mpigie simu mzee kesho, na kama uko Uingereza jitolee Kew kwa niaba ya wenzako. Tengenezeni grupu la WhatsApp la ukoo, kila mtu atie picha ya alichonacho, mmoja awe na kazi ya kuandika majina na pahala, la sivyo baada ya mwaka mtakuwa na picha mia za watu msiowajua.

Na kama wazee wako ni wa Ng'ambo kama wangu, usitafute hati, tafuta deni, kesi na risiti, na uliza jina la mwenye kiwanja. Sie kwetu lilipopatikana hilo ndipo tuliporudi Kilimani tukajua tuombe faili gani.